Mbithe Wathome na Mstari Uliokatwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Ndanu, kifungua mimba wa marehemu, na karatasi hii ilipopita kwa kamati ya mazishi ilirudi na mstari mmoja umekatwa, nitausoma tukiufikia.

Mbithe Wathome alizaliwa Muthetheni tarehe 3 Machi 1956, akasoma huko huko, akahitimu ualimu mwaka wa 1976, akafundisha darasa la kwanza hapa Wamunyu kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka sauti ikamkauka. Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na Bartholomew Wathome, baba yetu, wakajaliwa mimi, Mueni na Musili.

Mstari wenyewe ni huu: tarehe 14 Agosti 1990, baada ya kushikwa na uchungu tangu jana yake, mama aliomba sindano ya kutuliza maumivu, na muuguzi akamweleza kwamba mtoto anaweza kuzaliwa na usingizi, kwamba watachunga anavyopumua, na kwamba usingizi huo huisha. Musili alizaliwa amelemewa na usingizi, kesho yake akanyonya vizuri, na kwa miezi tisa aligeuka kila alipoitwa, hadi homa ya uti wa mgongo ilipomlaza hospitali na kumrudisha nyumbani kiziwi. Wengi mlioketi hapa mbele mlisema ni sindano, kwamba mama aliyeshindwa kuvumilia alimharibu mtoto wake, na hata daktari wa masikio aliposema mwaka wa 1997 kuwa ni ile homa, mlibadilisha tu mazungumzo.

Mwaka wa 2008 alipatikana na saratani ya kizazi, akaandikiwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na safari hii hakuna aliyeuliza dawa itamdhuru nani. Aliniambia, "Ndanu, siku yangu usiwasomee eti nilivumilia. Waambie niliumwa, nikaomba dawa."

Alifariki tarehe 22 Mei 2009, saa kumi jioni, usingizini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, walimu wenzake, na Shangazi Nzembi, aliyekuja peke yake mwezi wa Aprili, akaketi kando ya kitanda, akaomba msamaha, akapewa.

Musili, aliyechonga msalaba huu, hanisikii, lakini ana nakala yake, yenye mstari wote, na anaifuata kwa kidole kama mama alivyomfundisha, naona ameshanipita, ameshamaliza.

Mwaitu, mama yetu, hakuna tena cha kuvumilia. Pumzika kwa amani.