Kondo Fundi Viatu na Kile Kidole cha Joto

Mzee Kondo Mkumba alianza kushona viatu katika duka la Fatehali, hapa Kibiti, Aprili 1994. Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 2025, anaweka nyundo chini. Ni miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo duka limebadilisha paa mara mbili na paka mara sita, ila chupa ya gundi ni ileile, maana Kondo akiishika haiachii mpaka aombwe mbele ya mashahidi.

Kazi ya kuandika nimepewa mimi, Mudrick wa stoo, kwa kuwa nilipoachia shule darasa la sita hakuna aliyenifikia kwa mwandiko, walimu wakiwemo.

Viatu vya Kondo vimetembea Rufiji nzima. Jamaa mmoja wa Mbwara mwenye nyayo pana alishonewa jozi, kiatu kimoja kikachukuliwa na mto. Watoto wawili walikipanda wakavuka nacho hadi ng'ambo. Asiyeamini aniulize, niliyewapokea ng'ambo ni mimi.

Siri yake ni karai la tope. Mteja hukanyaga tope la mtoni, Kondo humimina jasi kwenye alama, ikatoka kalibu ya mguu wa mtu huyo na si wa jirani yake. Halafu huacha nafasi ya ziada, anayoiita kidole cha joto, kwa sababu mguu wa huku ukifika saa saba mchana huvimba. Hajawahi kuisahau hata siku moja.

Sifa zote hizo nusura ziishie Desemba iliyopita. Fiza, mjukuu wa bosi wetu Zahir Fatehali, alikuja likizo kutoka Kanada, ambako hucheza kwa kuteleza na kuruka juu ya barafu, amevaa viatu vyenye chuma chembamba chini. Viatu vyake vilikuwa vizito, vimemchubua vifundo, mpaka akasema akirudi anaacha mchezo. Kondo alikinyanyua kimoja. "Mjukuu wangu, hiki kiatu au jiwe la kuzuia lori?" Akaahidi kumshonea vyepesi.

Bosi akawaka. "Mtoto akivunjika, Kondo, miaka yako yote imekwenda na maji. Watu watakukumbuka kwa huo mguu tu! Na usivishonee humu dukani mwangu."

Basi akavishonea barazani kwake. Nje ngozi ya mbuzi, kati turubai lililogandishwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka, kwenye vifundo sufi. Visigino alichonga kwa mizizi ya mlilana, mti wa mikokoni, ile myepesi ambayo wavuvi wa Mbwera huifanyia chelezo za nyavu. Aliyeifuata Mbwera nani? Sijisifu. Vyuma vikahamishwa kutoka viatu vya zamani. Fiza akavaa, vikamkaa barabara.

Siku tatu kabla ya Fiza kurudi Kanada alipita Zabibu muuza kamba na sanduku lake la barafu. Akavitazama, akasema, "Fundi, huko si baridi? Mimi pete hunidondoka kila nikichota barafu."

Kondo akavichungulia viatu ndani. Kidole cha joto! Kwenye baridi mguu hauvimbi, hunywea. Akamwamuru Fiza atumbukize miguu sandukuni, katikati ya kamba. Mtoto alipiga ukelele uliofika stendi. Alipovaa tena, miguu ilicheza mle ndani kama punje za mahindi debeni. Angeanguka kweli.

Kondo alifumua vyote. Siku tatu alishona, mkewe Hajira akimlisha uji kwa kijiko ili mikono isiachie sindano, na kila akimaliza kipande miguu ya Fiza ilirudi kwenye barafu. Zabibu alilalamika kuwa kamba wake wananukia miguu. Wateja walisema wamekolea.

Mwezi Machi ikaja video. Tuliizunguka simu ya bosi dukani. Fiza akachanganya mwendo, akaruka, akazunguka hewani mara mbili (mimi nilihesabu nne), akatua kwa mguu mmoja, wima. Tukashangilia wote isipokuwa Kondo, aliyeomba irudishwe nyuma atazame kisigino.

"Hakijacheza," akasema.

 Bosi Zahir alivua kiatu chake cha Dubai, akavua na soksi, akaingia kwenye karai la tope, mara ya kwanza tangu tumjue.

Sasa wachezaji wenzake Fiza wanaulizia viatu. Jibu la Kondo ni moja: waje wakanyage tope. Atawashonea barazani, ndiyo maana zawadi yetu kwake ni sanduku jipya la barafu ambalo halijawahi kuingiwa na kamba.

Mzee Kondo, ahsante kwa miguu yetu yote. Mungu akupe macho makali na magoti yasiyolalamika, wewe na Mama Hajira, mzeeke kwa raha. Ila ile chupa ya gundi, tafadhali, iache dukani.