Kapteni Amani Chidosa na Sikio Lililoacha Kuuma

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Elia, Jumanne tarehe 14 Novemba 2006, makaburini Likombe.

Kaka yetu Amani alizaliwa Mpwapwa tarehe 3 Agosti 1957, mtoto wa kwanza wa Mzee Josephu Chidosa. Mwaka 1964 baba alihamishiwa bandari ya Mtwara, na tangu hapo kwetu kukawa mtaa wa Rahaleo. Marehemu alisoma hapa hapa mjini, kisha akachaguliwa kusomea urubani. Alihitimu mwaka 1981.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na Mwalimu Esta. Walijaliwa watoto wawili.

Kuanzia 1991 alirusha ndege ndogo kati ya Mtwara, Kilwa na Dar es Salaam. Yeye alimpa kila abiria korosho za kukaanga, akisema: "Tafuna tukianza kushuka, masikio yafunguke." Bi Mgeni wa Mikindani alimjibu, "Mwanangu, meno sina." Basi akamfundisha kupiga miayo, wakapiga miayo wote wawili mpaka ndege ikatua.

Mei 2003 marehemu alikuwa na mafua makali, na rubani mwenzake alikuwa likizo. Akaletwa uwanjani mama mjamzito anayevuja damu, wa kukimbizwa hospitali Dar es Salaam, naye akaruka hivyo hivyo. Alimfikisha akiwa hai, lakini wakati wa kushuka ngoma ya sikio la kushoto la marehemu ilipasuka. Haikuziba. Safari zilizofuata sikio halikuuma tena, maana hewa ilijipitia kwenye tundu, naye akasema limepona. Usaha uliendelea kutoka. Esta alifua foronya kila asubuhi.

Aliniambia, "Elia, madaktari wa urubani wakiliona watanishusha, nisiruke tena. Nikishushwa nitakuwa nani?" Nilimwonea huruma. Mimi ndiye niliyemwelekeza kwa daktari mmoja aliyesaini vyeti vya afya vya marubani bila kuchungulia masikio. Alikwenda kwake miaka mitatu.

Oktoba mwaka huu kichwa kilianza kumuuma, akawa anayumba akitembea. Alilazwa tarehe 29. Usaha ulikuwa umefika kwenye ubongo. Alifariki Jumamosi tarehe 11 Novemba, saa nne asubuhi, akiwa hatusikii.

Ameacha mjane, Esta. Binti yake, Witness. Mimi mdogo wake. Na mwanawe Baraka, anayejifunza urubani. Baraka yupo hapa mbele, ana mafua tangu juzi, na ameniambia Ijumaa anarudi kuruka. Haruki. Kesho nampeleka kwa daktari anayechungulia.

Mungu ampokee kaka yetu, ampumzishe. Nami anisamehe.