Sauti ya Rachelle

Tangu teksi ilipotoka Kasese, muuza vitenge mmoja wa Kongo alikuwa akimlalamikia abiria wa kando yake, mzee wa kofia asiyemjua, kama vile ndiye aliyemkosea. "Ile klabu ya wasichana kule shule imeniharibia mutoto, Hajji. Nimemuambia Ijumaa aende kuuzisha soko. Rachelle akasimama mbele ya baba yake: 'Ijumaa iko mtihani, siendi.'"

"Si amesema kweli, mama?"

"Kweli iko. Lakini kwa sauti gani? Majirani wote wamesikia."

Nyuma yao mwalimu Naimah, mwenye klabu yenyewe ya kuwafundisha wasichana kujieleza, alijifanya anatazama nje. Muhula mzima klabuni Rachelle alikaa benchi la mwisho. Akiulizwa, anajibu kwa kikaratasi.

"Sauti gani ile, Hajji?" mama alikazania, teksi ikisimama Bwera.

Naimah naye alitamani kujua. Hakuwahi kuisikia.