Majina Yaliyokwama Ndani ya Disketi

Mwaka huo wa tisini na saba, kijiwe chetu cha Busia kilikuwa benchi moja karibu na geti la mpaka, birika la kahawa, na wanaume watatu waliojua kila kitu. Osukuku, karani mstaafu, alifika asubuhi ameshika disketi ya zamani, pana, laini kama chapati iliyolala. Miaka tisa nyuma alikuwa ameandika ndani yake majina ya mababu, mama yake akimtajia. Mama sasa hayupo. Kesho mjukuu anapewa jina: majina ya mababu yataitwa moja moja, na lile ambalo mtoto atakubali kunyonya likitajwa ndilo lake. Na kompyuta mpya ya duka la kupiga chapa, ya pekee aliyoijua mjini, ina mdomo wa disketi ndogo tu.

— Kata na makasi, akasema Ekwaro, fundi wa redio tuliyemwita Antena. Punguza kando kando, itaingia.

— Na majina yenye yako kando?

— Hayo ni ya wale walikufa bila watoto. Hawana neno.

Wesonga, aliyeitwa Reti kwa kazi yake ya kubadilisha pesa pale getini, akachekea ndani ya kikombe.

— Antena, unaharibia mzee vitu. Nipe hiyo, Karani. Mimi kila siku napewa noti kubwa narudisha ndogo. Navuka ng'ambo, natafuta mtu ako na ndogo, tunabadilishana.

— Hiyo ndogo itakuwa na majina ya kwetu?

— Itakuwa na majina. Mtoto wa siku nane atajua aje?

Osukuku aliona haya, maana kwa muda mpango huo ulikuwa umemwingia akilini.

— Basi ianike juani, Antena akasema. Plastiki ikipata joto inajikunja, inakuwa ndogo. Nilifanyia santuri hivyo.

— Ikaimba?

— Iliimba, lakini kama mtu amelewa.

— Hapo sawa, Reti akasema. Kwani hao mababu walikuwa wanakunywa chai?

Amoit, muuza dagaa wa omena aliyekuwa ameketi hapo kungoja boda boda, akageuka.

— Samahani, mzee. Mama alikutajia hayo majina siku ngapi?

— Tatu.

— Na hizo siku tatu, ulikuwa unamsikiliza ama ulikuwa unaandika tu?

Antena akachungulia kikombe chake. Reti akakumbuka ana wateja. Osukuku alijaribu kukumbuka jina la kwanza. Alichokumbuka vizuri ni mlio wa vidole vyake vikigonga mashine, na mama akinyamaza, akimngoja amalize.