Kamera Haikuuliza

Basi la kutufikisha kwenye ndege lilimngoja abiria mmoja aliyegoma kupigwa picha ya uso ukaguzini. Kazi yake ni ufundi saa, na ndiye aliyetuchelewesha, hadi wakamruhusu kwa pasipoti tu, akapanda.

"Uso wangu wakishauchukua, wanauweka wapi?" alimuuliza dada aliyesimama karibu naye basi lilipoondoka.

"Mimi sikuuliza, kaka. Natoka kumuuguza mama. Kila asubuhi ananiuliza mimi ni binti wa nani. Leo kamera imenitambua papo hapo, nusura niishukuru."

Fundi akaitazama saa yake. Nikadhani yameisha.

"Pole sana, dada. Ila mama amekusahau bila kupenda. Hiyo kamera, siku ukitaka ikusahau, utamwomba nani?"

Basi likasimama. Dada akajitazama kwenye kioo cha dirisha, kisha akashuka.