Fundi wa Mapaa na Kishada Kilichoitwa Bosi

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika, familia imenituma mimi, dada yake marehemu, nisome maisha yake, wanasema mimi ndiye pekee ambaye sauti bado inatoka, na ni kweli inatoka, tangu msiba uingie sijadondosha hata chozi moja, nimewasikia mkinong'ona huko nyuma, acheni kwanza nisome.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, mkabala na ghala la mbao, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, mtulivu kwa kila jambo isipokuwa kupanda, alipanda kabati, alipanda ukuta, alipanda tangi la maji, na aliyetumwa kumshusha ni mimi. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, sekondari akaiacha kidato cha pili, akili alikuwa nazo lakini alikuwa haambiliki, akamwambia baba anataka kazi ya juu, baba akafurahi akidhani mwanawe anasema cheo, kumbe mwenzake anasema paa.

Mwaka 1979 aliajiriwa katika karakana ya mabati, akawa fundi wa kupaua, na tarehe 14 Agosti 1988 alifunga ndoa na wifi yangu, huyu aliyekaa hapa mbele, ambaye wakati huo alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, na wenzake dukani wanasema bwana alikuwa akinunua misumari kiganja kimoja kimoja ili apate sababu ya kurudi. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na kijana ambaye ni fundi umeme, wote mnawaona.

Tarehe 2 Novemba 2003, akiwa juu ya paa la ukumbi wa shule, aliteleza kwenye bati lililolowa, akaanguka, akavunjika nyonga, madaktari wakamuunga, na mkewe akamwambia yeye na ngazi basi. Alitii, lakini alishinda ndani ameshika tama, haulizi, hajibu, hata chakula anakiangalia tu, mpaka siku moja alipoona katika ukurasa wa gazeti uliofungiwa misumari picha ya mji iliyopigwa kwa kamera iliyoning'inizwa kwenye kishada kinachorushwa angani kwa kamba. Kesho yake akaja kwenye cherehani yangu anachechemea, kwapani miavuli mibovu, akataka nimshonee kishada kikubwa, nikamuuliza kama nyonga imevunjika pamoja na kichwa, akacheka, na kwa kuwa nilikuwa sijamwona akicheka tangu aanguke, nikashona.

Sitawadanganya kwamba jambo hilo lilikuwa la raha tupu. Upepo ukiwa mdogo kishada kilikataa kuondoka chini, ukiwa mwingi kamera iliyumba na picha zote zikatoka ukungu, kamera ilijipiga yenyewe kila baada ya muda mfupi bila mtu kujua inatazama wapi, basi alirudi nyumbani na picha za mawingu, za mkia wa kishada na za kiatu chake mwenyewe, katika rundo zima akapata moja ya kuonyesha watu. Isitoshe bafu nyingi za mtaa wetu hazina paa, na mama mmoja jirani alitoka mbio na povu la sabuni masikioni akitaka kuivunja kamera, ikabidi marehemu aapishwe mbele ya watu, lakini picha ilipotoka haikuonyesha bafu, ilionyesha tundu kwenye paa la mama huyo, pale pale palipokuwa pakivuja kila mvua bila mafundi kupaona, na tangu hapo mama akawa anamwita mwenyewe aje kurusha, ila atoe taarifa kwanza.

Kamba aliishika wifi yangu, yeye marehemu akitazama juu, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Zamani wifi alimwita mumewe Bosi kwa utani, kisha, bila kuniarifu mimi, jina likahamia kwenye kishada, kwa kuwa kishada ndicho kilichoamua lini watoke na lini warudi. Tarehe 20 Agosti 2011 wifi akanipigia simu akihema, akasema Bosi amekata kamba, simu ikazima. Jamani, mimi nifikirie nini? Niliangua kilio, nikagaragara sakafuni kati ya vitambaa vya wateja, majirani wakaja, turubai likafungwa, viti vikapangwa, baba mkubwa akafungua kwa sala. Jioni marehemu akatokea, matope mpaka magotini, ametoka kukikimbiza kishada na kamera yake, hakukipata, amekuja nimshonee kingine, akaona turubai, akavua kofia, akakaa kiti cha mwisho, akamuuliza mzee wa pembeni kwa sauti ya chini nani amefariki, akaambiwa ni yule fundi wa mapaa aliyewahi kuanguka, akasikitika, akasema maskini, halafu akasimama, akaja kunipa mkono wa pole. Nilimpiga kandambili mbele ya waombolezaji wote.

Kishada kingine nilishona, nacho kikaitwa Bosi. Vijana walipokuja na droni zao zisizongoja upepo kwenye uwanja aliorushia kishada, marehemu alinuna, akakaa nyumbani msimu mzima, kisha akarudi, akasema droni inalia kama mbu sikioni. Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu, na mwisho alikaa kwenye kiti pembeni ya uwanja huku mkewe akirusha. Asubuhi ya tarehe 17 Juni mwaka huu wifi alinipigia kutoka hospitali, akasema ametuacha, nikamuuliza nani, ni Bosi, akasema hapana wifi, ni mwenyewe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, walimvumilia kwa maswali yake kuhusu paa la wodi, nawashukuru mafundi wa karakana, nawashukuru majirani wenye bafu na wasio na bafu. Zaidi namshukuru yule mhudumu wa chumba cha maiti, kwa sababu jana nilimwomba anifunulie, nikatazama, nikatoka, nikarudi kumwomba tena, naye hakuniuliza kitu wala hakunicheka. Nilimgusa mkono, ni wa baridi. Niliita jina lake la utotoni, lile la kumshushia kwenye tangi, hakuitika.

Mnaouliza kwa nini silii, mimi huyu nilishamlia mwaka 2011, nikalia yote, na tangu juzi kila anayeingia hapa kwa kuchechemea namgeukia, hata sasa hivi ninavyosoma nimeinua macho mara kadhaa, mmeniona. Ila mkono ule niliugusa.

Haya, mdogo wangu, pumzika. Safari hii nimeamini.