Mkanda Ulikuwa wa Uji

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenitoa kwenye lile gari nikiwa hai, mimi na huyu mnayemsikia akilia hapo nyuma.

Naitwa Kagendo, ni mwalimu huku Kaaga. Mnanijua, si mtu wa kusimama mbele za watu. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimemwibia Mungu sifa zake.

Ndugu zangu, nilipoteza mimba mbili. Ya tatu ilipofika miezi saba nilikuwa mtu wa hofu tu. Sikubeba ndoo, na asubuhi sikutoka kitandani hadi mtoto acheze. Kitu nilichokiogopa kuliko vyote ni mkanda wa gari. Mama yangu alikuwa amenionya kwamba mwenye mimba hafungwi kitu tumboni, nami nikaamini. Mume wangu Mwenda akiniambia nijifunge, naupitisha nyuma ya mgongo, nauchomeka, ule mlio wa gari wa kudai mkanda unanyamaza, na tunaondoka tumenuniana.

Jumamosi moja tulikuwa tunaenda Embu kumwona dada yangu mdogo aliyekuwa amejifungua. Mnajua kwetu huendi kwa mzazi mikono mitupu. Mama alipika uji wa wimbi, akaujaza kwenye mtungi wa lita kumi. Aliukalisha kiti cha nyuma kando yake, akaufunga mkanda vizuri usije ukamwagika. Yeye mwenyewe hakujifunga.

Pale Nkubu tulimchukua wifi yangu Kendi, dada ya Mwenda, ambaye ni muuguzi. Alifungua mlango wa nyuma, akauona mtungi, akacheka.

"Mama, uji umeufunga, na wewe je?"

"Mimi niko nyuma, mwanangu. Nyuma kuna shida gani?"

"Wa nyuma ndiye humwangukia wa mbele, Mama."

Kisha akaona mkanda wangu ulikopita. Hakucheka tena. Alimwambia Mwenda azime gari.

Nilimkatalia. Nilimwambia, machozi yakinitoka, kwamba nimeshalia mara mbili na huyu sitamfinya. Kendi alinisikiza, kisha akanishika mkono. "Wifi, mtoto hafungwi, unayefungwa ni wewe. Wa chini unapita chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga. Wa juu unapita katikati ya matiti na kushukia kando ya tumbo. Juu ya mtoto hakipiti kitu." Aliniwekea, akaukaza. Ndugu zangu, sitawadanganya, sikukubali kwa imani. Nilikubali ili gari liondoke.

Mama naye alifungwa akinung'unika. Kendi alikaa pale mtungi ulipokuwa, akataka uende kwenye buti. Mama akasema utamwagika, akauweka katikati yao, safari hii bila mkanda.

Njia nzima niliupapasa ule mkanda nikiuchukia. Kabla ya kufika Chuka mvua ilianza. Tulitoka kwenye kona, tukakuta lori la ndizi limeharibika barabarani. Mwenda alikanyaga breki, gari likateleza, likalikwepa lori na kugonga ukingo wa mtaro. Mkanda ulinikamata kifuani na nyongani, na papo hapo kitu kikapita kando ya sikio langu. Ulikuwa ule mtungi. Ulipasua kioo cha mbele upande wangu, na uji ukamwagika wote kwenye boneti.

Sote tulikuwa hai, lakini mtoto hakucheza. Niliweka mikono tumboni nikimwambia, cheza, mwanangu, cheza. Hakucheza. Msamaria mmoja alitupeleka hospitali, na njia yote hakucheza. Mama alilia kwamba ni mkanda, ni mkanda, nami nikamtazama Kendi kwa chuki ambayo nimeshaitubu. Walinilaza, wakazungusha kile chombo cha kusikiliza moyo. Kimya. Wakakisogeza. Kimya. Nikasema, Bwana, nisamehe, nimemuua mwenyewe. Wakakisogeza tena, chini kidogo, na nikasikia moyo wa mtoto wangu ukienda mbio.

Nilikuwa na alama ya mkanda kifuani na nyongani. Tumbo halikuwa na hata mchubuko. Mwenda alipotuonyesha picha ya kile kioo kwenye simu, Mama aliivuta simu karibu. "Na mimi niliufunga uji," akasema.

Mtoto alipozaliwa, alirudi nyumbani kwenye kiti chake cha gari, ameelekezwa nyuma, amefungwa. Alilia hadi Kaaga, na Mama hakuniruhusu nimpakate.

Wewe unayeogopa kama nilivyoogopa, mletee Bwana hofu yako, hatakufukuza. Kisha ibada ikiisha njoo kwenye gari letu nikuonyeshe mkanda unakopita, na sufuria zenu ziende kwenye buti. Mimi niliomba miezi saba yote Mungu anitumie malaika. Alimtuma Kendi pale Nkubu, na ilibaki kidogo nimfukuze.